Kushika Nafasi ya Udongo

Kutotolesha mayai ya watambaazi nyumbani ni ufundi wa kushika nafasi ya udongo. Kuku akishataga idadi yake hulala juu ya mayai siku 21, akiyapa joto la kifua na kuyageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku. Mashine ya kutotolesha vifaranga imeundwa kumwiga yeye. Mijusi, nyoka na kobe walio wengi hawaatamii. Jike hutafuta mahali, hufukua, hutaga, hufukia na kwenda zake, wala hatawajua wanawe hata akipishana nao njiani. Umama wake wote umo katika uchaguzi wa mahali. Anayeyachukua mayai hayo na kuyatunza ndani ya nyumba, basi, hamwigi mama. Anaiga shimo: giza lake, joto lake, unyevu wake na utulivu wake.

Shimo zuri halipatikani kwa bahati. Kenge jike anapotaka kutaga hubomoa ubavu wa kichuguu chenye mchwa hai, huyaacha mayai ndani, kisha huondoka. Mchwa huziba tundu kwa manufaa yao wenyewe, na kwa kulinda joto na unyevu wa nyumba yao hulinda pia mayai ya mgeni. Wapo wanaokwenda kinyume na desturi hii. Chatu hujizungusha juu ya mayai yake. Yule wa kusini mwa Afrika hutoka kuota jua mlangoni mwa shimo, kisha huyarudia mayai akiwa na joto mwilini kama aliyebeba makaa. Kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za Mlima Kenya hatagi kabisa, huzaa. Lakini desturi iliyoenea zaidi ni ya shimo, na ndiyo ufundi huu unayoifuata.

Yai lenye kaka limekuwapo duniani kwa zaidi ya miaka milioni 300, nalo ndilo lililowawezesha wanyama wenye uti wa mgongo kuzaliana mbali na maji. Ndani yake mna kiini, ambacho ni chakula. Ute, ambao ni akiba ya maji. Na tando zinazokizunguka kiinitete, nyingine za kukikinga, nyingine za kukipitishia hewa. Tofauti kubwa iko kwenye kaka lenyewe. Kaka la mamba na la kobe wa nchi kavu ni gumu kwa chokaa, na hutunza maji yake vizuri. Kaka la nyoka na la mijusi wengi ni laini kama ngozi, na hunywa: yai hufyonza maji ya mchanga uliolizunguka, likavimba na kuongezeka uzito kadiri siku zinavyokwenda. Likiwekwa pakavu mambo hugeuka, na ukavu ndio hulinywa yai. Kwa hiyo yai la namna hii halikujitosheleza kama la kuku. Linauhitaji udongo kama mche unavyouhitaji.

Mwalimu mwema wa ufundi huu ni mjusi mwenye madoa ya chui, Eublepharis macularius, mwenyeji wa nchi kame za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Amezalishwa katika nyumba za Ulaya na Marekani kwa vizazi vingi, hata wengi wanaofugwa leo hawana babu aliyewahi kukanyaga nchi hizo. Jike hutaga mayai mawili mawili, mara kadhaa kwa msimu, ndani ya kikasha chenye mchanga au vumbi la makumbi ya nazi lililoloweshwa kidogo. Dalili huonekana mapema. Mayai hujitokeza kama vivuli vyeupe chini ya ngozi ya tumbo, jike huanza kufukua usiku, kisha asubuhi moja tumbo limebonyea na mchanga umesawazishwa.

Hapo mkono huingia kazini, na kanuni yake ya kwanza ni kinyume cha ile ya kuku. Yai la ndege lina nyuzi mbili za ute zinazokishika kiini katikati, ndiyo maana linaweza kugeuzwa, tena linapaswa kugeuzwa. Yai la mtambaazi halina nyuzi hizo. Kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili baada ya kutagwa, kiinitete huwa kimepanda juu ya kiini na kujishikiza kwenye utando ulio chini ya kaka. Yai likipinduliwa baada ya hapo, mishipa michanga hukatika, au kiini hukilalia kiinitete kikafa. Mtunzaji hulifukua kwa ncha za vidole, hutia alama ya penseli upande wa juu, na kulihamisha likiwa vilevile lilivyolala. Mayai ya chatu mara nyingi huganda pamoja baada ya kutagwa. Yakishagandana hayabanduliwi, huhamishwa kwa pamoja kama kichala.

Makao mapya ni kikasha cha plastiki chenye mfuniko. Udongo halisi hutumika mara chache, kwa kuwa huja na kuvu na wadudu wake. Badala yake huwekwa vemikulaiti au perlaiti, madini yaliyopashwa moto mpaka yakavimba: ni mepesi, hayaozi, na hushika maji bila kuwa tope. Kipimo kilichozoeleka cha vemikulaiti ni uzito kwa uzito, gramu 100 za madini kwa gramu 100 za maji. Asiye na mizani hukamua konzi moja: donge lishikane, lisitoe zaidi ya tone moja au mawili. Mayai hulazwa katika vishimo vilivyobonyezwa kwa kidole gumba, nusu yakiwa yamezama na nusu yakionekana. Kisha kikasha kizima hupimwa uzito na tarakimu huandikwa ubavuni. Mayai yakinywa maji ya vemikulaiti, uzito wa kikasha haubadiliki. Gramu zinazopotea ni maji yaliyotoka kama mvuke. Hurudishwa kwa kumiminwa pembeni, kamwe si juu ya yai. Mara moja kwa wiki mfuniko huinuliwa kidogo ili hewa ibadilike, kwa maana kilichomo ndani kinapumua.

Baada ya maji huja joto. Sanduku la povu la kusafirishia samaki, maji ya kina cha vidole vinne, hita ya tangi la samaki, matofali mawili yanayochomoza juu ya maji na kikasha juu yake: hiyo tayari ni mashine kamili. Maji yamechaguliwa kwa tabia yake ya kupata moto polepole na kupoa polepole, ambayo ndiyo tabia ya ardhi. Kipimajoto huwekwa usawa wa mayai, kwa kuwa namba iliyoandikwa kwenye hita husema habari za hita tu. Fundi makini huliwasha sanduku siku kadhaa kabla ya jike kutaga, aone kama joto linatulia usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa saa chache si msiba. Maji huachia joto lake kidogo kidogo, na kiinitete kinachopoa hupunguza mwendo wa kukua. Joto la kupita kiasi ndilo lisilosamehe. Kwa mjusi wa madoa ya chui, nyuzi 35 za Selsiasi ni ukingo wa jabali.

Kumbe joto haliamui kasi ya kukua tu. Mwaka 1966 Madeline Charnier, mtafiti aliyekuwa Dakar, Senegal, alichapisha matokeo ya kazi yake juu ya agama, mjusi ambaye dume lake lina kichwa chekundu: joto la mayai lilibadili uwiano wa madume na majike walioanguliwa. Ugunduzi ule haukupokewa kwa shangwe, lakini tafiti zilizofuata ziliuthibitisha kwa kobe, kasa, mamba na mijusi wengine. Kwa mjusi wa madoa ya chui, mayai yakikaa kwenye nyuzi 26 karibu wote hutoka majike. Karibu na nyuzi 32.5 wengi hutoka madume. Yakisogezwa kuelekea nyuzi 34 au 35, majike hurudi. Kwa kasa mpaka uko karibu na nyuzi 29, juu yake majike, chini yake madume. Si wote walio hivyo, kwani jinsia ya chatu huamuliwa na urithi. David Crews na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walionyesha kwamba hata hulka huguswa: majike ya mjusi huyu waliotoka kwenye joto kubwa walikuwa wakali kuliko waliotoka kwenye joto dogo.

Ndipo inapoonekana kwa nini umama wa mtambaazi unaweza kutoshea katika kuchagua shimo. Kina cha shimo, kivuli cha kichaka, upande wa mteremko unaopigwa na jua la asubuhi, vyote huingia ndani ya mtoto. Anayezungusha kitufe cha joto hurithi uamuzi huo, naye hawezi kukwepa kuamua. Kulisahau sanduku pia ni kuchagua.

Muda hufuata joto. Karibu na nyuzi 32 mayai ya mjusi wa madoa ya chui huchukua takribani siku 40. Kwenye nyuzi 26 hufika miezi miwili au zaidi. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, huhitaji nyuzi 31 hadi 32 kwa takribani siku 55 hadi 60. Kinyonga wa Yemen huchukua miezi sita hadi tisa. Wakati huo wote mkono hauna kazi, ila jicho linayo. Baada ya wiki moja hivi, tochi ndogo ikisogezwa kwenye yai ndani ya giza, bila kulisogeza yai lenyewe, huonyesha wavu wa mishipa myekundu. Yai viza huonyesha manjano matupu. Yai likianza kubonyea mapema, kikasha kimekauka. Kuvu ikiota juu yake hufutwa kwa upole, wala si sababu ya kulitupa, kwa kuwa yai zima huweza kukaa kando ya lililooza likaanguliwa salama. Yai viza halina haja ya kuhukumiwa: hunuka na kuporomoka lenyewe.

Uzito wa kungoja huonekana zaidi pale yai linapokuwa moja. Kobe bapa wa miambani, ambaye makao yake makuu ni Kenya na Tanzania, kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara. Alikamatwa sana kwa biashara ya wanyama wa kufuga, na mwaka 2019 mkataba wa CITES ulimpandisha kwenye Kiambatisho cha I, ambacho hukataza biashara ya kimataifa ya walionaswa porini. Sheria za wanyamapori za nchi hizo haziruhusu yai lake kuokotwa mwambani bila kibali. Yai linalostahili kutotoleshwa ni la wazazi wanaofugwa kihalali.

Siku zikitimia, yai hubonyea kwa mara ya mwisho na pengine hutokwa na matone kama jasho. Mtoto wa mjusi au nyoka ana jino la kupasulia kwenye ncha ya taya ya juu, ambalo humdondoka baadaye. Kobe na mamba wana kijipembe cha ngozi ngumu mahali pake. Kaka huchanika, pua hutokeza, kisha kila kitu husimama, hata kwa siku nzima au zaidi. Hapo ndipo wenye pupa huharibu. Mtoto aliyetulia mlangoni mwa kaka anamalizia kufyonza kiini tumboni na kufunga mishipa iliyomuunganisha na tando. Akivutwa nje, huvuja damu, au hutoka na kiini kikining'inia.

Akitoka mwenyewe, huhamishiwa kwenye kikasha chenye karatasi iliyoloweshwa, mbali na wakubwa, ambao humwona kuwa chakula. Siku chache za mwanzo hali kitu, kiini kinamtosha. Kisha huvua ngozi yake ya kwanza, huila, na kuanza kukimbiza nyenje wadogo. Makaka hukunjamana na kukauka, vemikulaiti humwagwa, kikasha huoshwa na kuanikwa. Katika tangi la pili mama yake amekwisha kutaga mengine mawili, na mchanga juu yake ameusawazisha.