Nyama, Paka na Mimbari: Uhakiki wa Tashbihi Moja

Miongoni mwa sanaa za maneno zilizomo katika jamii zetu, mawaidha ni sanaa ambayo wahakiki wameiangalia kwa uchache kabisa. Twahakiki mashairi, tenzi, hadithi na michezo ya kuigiza. Lakini neno litolewalo juu ya mimbari huachiwa wanavyuoni peke yao, walipime kwa mizani ya dini. Desturi hii ina kasoro. Mtoa mawaidha ni fundi wa maneno kama alivyo malenga. Hutumia methali, kisa, kejeli na tashbihi. Hupandisha sauti na kuishusha. Naye husikilizwa na watu wengi kuliko wasomao diwani yoyote. Zaidi ya hayo, msikilizaji wa shairi yu huru kulikataa, lakini msikilizaji wa mawaidha huketi akiamini kwamba anayoambiwa yana idhini ya Mwenyezi Mungu. Basi neno la mimbari likiwa bovu, ubovu wake huenda mbali.

Makala haya yanakusudia kupima tashbihi moja tu, ambayo ilizua ghadhabu kubwa katika nchi ya mbali. Tumeichagua kwa sababu inaonyesha waziwazi jinsi mfano mbaya unavyoweza kuharibu hoja, kuwaumiza watu, na kuidhuru hata ile imani ambayo msemaji alidhani anaitetea.

Mwezi wa Ramadhani mwaka 2006, Shehe Taj El-Din Hilaly, mzaliwa wa Misri aliyefika Australia mwaka 1982, alitoa mawaidha kwa lugha ya Kiarabu katika msikiti wa Lakemba, mjini Sydney. Wakati huo alikuwa na cheo cha Mufti wa Australia. Akizungumzia zinaa na ubakaji, alisema kwamba mtu akiiacha nyama nje, barabarani au bustanini, bila ya kuifunika, kisha paka wakaja wakaila, lawama si ya paka bali ni ya nyama isiyofunikwa. Akaongeza kwamba lau mwanamke angalikuwa chumbani mwake, nyumbani mwake, na ndani ya hijabu yake, pasingalitokea tatizo lolote. Akagusia pia vifungo vya miaka mingi ambavyo hakimu asiye na huruma huwapa wanaume.

Maneno hayo hayakuangukia mahali patupu. Mwaka 2000, katika mji huohuo wa Sydney, wasichana kadhaa walikuwa wamebakwa na makundi ya vijana, na kiongozi wa vijana hao alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha miaka 55, ambacho baadaye kilipunguzwa katika rufani. Kila aliyesikia habari za mimbari ya Lakemba alikumbuka kesi zile. Kwa hiyo nyama iliyotajwa haikuwa nyama ya mfano tu. Ilikuwa na majina, ilikuwa na wazazi, na ilikuwa imesimama mahakamani kutoa ushahidi.

Gazeti moja la nchi hiyo lilipochapisha mawaidha hayo mwishoni mwa Oktoba 2006, nchi nzima iliwaka. Waziri Mkuu John Howard aliyalaani. Kamishna wa serikali aliyeshughulikia ubaguzi wa kijinsia, Pru Goward, alitaka Shehe afukuzwe nchini. Waislamu wenyewe, wanawake kwa wanaume, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kulaumu. Shehe aliwaomba radhi wanawake walioudhika, akaeleza kwamba kusudi lake lilikuwa kulinda heshima ya mwanamke. Chama kinachousimamia msikiti huo kilimzuia kuhubiri kwa muda; na mwezi Juni 2007 cheo cha Mufti kilikwenda kwa Shehe Fehmi Naji El-Imam.

Hayo ndiyo matukio. Sasa na tuitazame tashbihi yenyewe.

Tashbihi ni mizani yenye vitanga viwili. Katika kitanga kimoja huwekwa kile kinachofananishwa, na katika kingine kile kinachofananishwa nacho. Na ulimi wa mizani ni ile sifa inayoviunganisha. Tukisema kwamba fulani ni simba, twataka msikilizaji achukue ushujaa wa simba, aache manyoya yake na mkia wake. Fundi mzuri huhakikisha kwamba sifa anayoitaka ndiyo itakayoonekana kwanza. Fundi mbaya huleta kifani ambacho sifa zake nyingine zinaizidi nguvu ile aliyoikusudia.

Je, nyama ina sifa gani? Kwanza, imekufa. Pili, haina ulimi wala haina hiari. Haiwezi kusema nataka wala sitaki. Tatu, ni mali ya mtu, naye aliyepotelewa ni mwenye nyama, si nyama. Nne, nyama iko kwa ajili ya kuliwa. Swali ni nani atakayeila. Hizi ndizo sifa zinazomjia msikilizaji kabla hajalifikia suala la kufunikwa. Basi hata kama msemaji alitaka tu kuhimiza stara, chombo alichokitumia kilimwondolea mwanamke uhai, kauli, hiari na nafsi kwa pigo moja. Mtu hawezi kuilinda heshima ya mtu mwingine kwa kumfanya kitoweo.

Lakini kosa kubwa zaidi limo katika kitanga cha pili, ambacho wengi waliokasirika hawakukitazama sana. Paka ana sifa gani? Paka hana dhambi. Hafungi Ramadhani, hasali, hahesabiwi. Wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu wamekubaliana kwamba kalamu ya kuandika matendo haimwandiki asiye na akili. Basi mhubiri aliyewaambia wanaume kwamba wao ni paka aliwavua ile amana ambayo juu yake dini nzima imejengwa, yaani kuwajibika. Tena aliyasema hayo katika mwezi wa saumu, mwezi ambao mwanadamu huonyesha kwamba anaweza kukiona chakula mchana kutwa, kisichofunikwa, na mkono wake usikiguse! Waumini waliokuwa mbele yake walikuwa wameyafanya hayo siku hiyohiyo. Saumu zao zilikuwa hoja tosha dhidi ya mfano wake.

Mtu aweza kutetea kwamba, pamoja na ubovu wa mfano, fundisho lenyewe ni la dini. Hapa yafaa kurejea Sura ya An-Nur, ambayo msomaji wa Kiswahili anaweza kuisoma katika tafsiri ya Shehe Abdulla Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969. Katika Aya ya 30 wanaume ndio wanaoambiwa kwanza wainamishe macho yao na wazilinde tupu zao. Ndipo katika Aya ya 31 wanawake wanapoambiwa yanayowahusu. Amri ya mwanamume haikuwekewa sharti la mavazi ya yule anayemwona. Aidha, Sura hiyohiyo ndiyo inayotoa adhabu kali kwa wanaowasingizia wanawake wenye kujihifadhi, na ndiyo inayokumbusha kisa cha uzushi aliozuliwa Bibi Aisha, mkewe Mtume. Sura inayotajwa sana panapozungumzwa mavazi ya mwanamke imebeba pia onyo kwa watu wanaomsema mwanamke vibaya kwa kufuata uvumi. Mhubiri mwenye kuyajua yote hayo hakuwa na haja ya kwenda sokoni kutafuta nyama.

Vilevile tashbihi hii haishikamani na hali ya mambo duniani. Inadai kwamba nyama iliyomo kabatini iko salama. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba takriban mwanamke mmoja katika kila watatu amepata kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu katika maisha yake, na kwamba mara nyingi mwenye kutenda hayo ni mume au mwenzi wake. Paka, basi, mara nyingi yumo ndani ya nyumba, na funguo za kabati anazo yeye. Mfano unaomwambia mwanamke kwamba ukuta wa nyumba ndio usalama wake unamfungia ndani pamoja na adui, kisha unamnyima haki ya kulalamika.

Tukiisha kusema hayo, haki inatutaka tuitazame ghadhabu nayo, maana si kila ghadhabu ni ya kweli. Tarehe 11 Desemba 2005, chini ya mwaka mmoja kabla ya mawaidha yale, watu wapatao 5,000 walikusanyika katika ufuko wa Cronulla, kusini mwa Sydney, na baadhi yao wakawapiga watu waliodhaniwa kuwa Waarabu. Sababu mojawapo waliyoitoa ilikuwa kwamba wanawalinda wanawake wao. Lisikilize neno hilo, "wanawake wao". Shehe alisema nyama ifunikwe; watu wa Cronulla walisema nyama ina wenyewe. Pande hizi mbili zilichukiana sana, lakini zilikuwa zikila katika sahani moja.

Aliyebanwa katikati alikuwa mwanamke Mwislamu wa Australia. Akimkosoa Shehe hadharani, huambiwa na watu wake kwamba anawapa maadui silaha. Akinyamaza, huambiwa na majirani kwamba ameridhika. Akivaa hijabu hutukanwa barabarani. Akiivua huitwa nyama msikitini. Kila upande ulisema kwa niaba yake, na ni wachache waliompa nafasi aseme mwenyewe. Pamoja na hayo wengi wao walisema, na walisema kwa ujasiri kupita wale waliokuwa wakipigiwa makofi kwa kusema. Hilo ndilo jambo la heshima katika kisa hiki kizima, nalo ndilo linalosahauliwa upesi.

Msomaji aweza kuuliza: haya ya Australia yanauhusu nini utamaduni wetu? Yanauhusu, kwa kuwa mizizi ya tashbihi ile haikuota katika dini moja wala katika nchi moja. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua, kwa jina la kuuhifadhi utamaduni wa taifa. Nia ya kukataa kuiga ovyo ilikuwa na msingi wake. Lakini vikundi vya vijana vilipowashambulia wasichana katika mitaa ya Dar es Salaam, utamaduni uliokuwa ukitetewa uligeuka kuwa fimbo, na waliochapwa kwa fimbo hiyo wengi walikuwa wanawake. Mjini Nairobi, mwezi Novemba 2014, wanawake waliandamana baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume yaliyodai kwamba wamevaa vibaya. Wanaume hao hawakuwa wakimsikiliza mhubiri wa Lakemba. Walikuwa na tashbihi yao wenyewe, hata kama hawakuitamka.

Hata hazina yetu ya methali haikosi mifano ya namna hii. Tunasema kwamba mke ni nguo, mgomba kupalilia. Wapo wanaoieleza methali hiyo kuwa ni wito wa kumtunza mke, na maelezo hayo yana ukweli wake. Lakini mgomba hauna neno mbele ya anayeupalilia. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967, aliusifu ujamaa wa jadi, lakini hakuficha kwamba ulikuwa na kasoro, na mojawapo ni jinsi mwanamke alivyofanya kazi kupita sehemu yake ya haki. Huo ni uhakiki wa utamaduni uliofanywa na mtu aupendaye. Kupenda hakukumzuia kuona.

Wala hatusemi kwamba stara haina thamani. Stara ni tunu katika pwani yetu na bara yetu pia. Lakini tazama kanga. Mwanamke wa Kiswahili hujifunika kwayo, na juu ya vazi hilohilo kumeandikwa maneno: pengine nasaha, pengine mapenzi, pengine kijembe kwa jirani. Amejisitiri na huku anasema. Vazi halikumnyamazisha, limekuwa ulimi wake wa pili. Hapo pana tofauti baina ya stara ambayo mtu anaichagua kwa utu wake na kifuniko ambacho wengine wanakiweka juu ya chungu.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo chepesi kwa yeyote atumiaye mfano mbele ya watu, awe mhubiri, mwanasiasa, mwalimu au malenga. Kabla hajautamka, na amfikirie yule anayefananishwa kuwa ameketi mbele yake, anamtazama usoni. Katika misikiti yetu mingi wanawake wako nyuma ya pazia au katika chumba cha kando, wakisikiliza kwa kipaza sauti. Mhubiri hawaoni, na pengine ndiyo sababu husahau kwamba wapo. Lakini wao wanamsikia. Miongoni mwao huenda yuko msichana ambaye jambo lile limemfika, naye hajamwambia mtu yeyote, akingoja kusikia kama siku hiyo kuna neno lake. Hatuna budi kuyahakiki mawaidha yetu kwa ajili yake.