Mpangilio kama Hoja: Maoni Yanayokinzana kuhusu Filamu ya Memento

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maoni yanayokinzana ya watazamaji kuhusu Memento, filamu ya fumbo yenye bajeti ndogo iliyoongozwa na Christopher Nolan. Yanapima malalamiko matatu: kwamba mpangilio wake wa kinyumenyume ni hila tupu, kwamba maradhi ya mhusika mkuu hayaaminiki, na kwamba mwanamke anayeombolezwa hana sura. Inadaiwa hapa kwamba lalamiko la kwanza halisimami, la pili linasimama nusu, na la tatu linasimama. Kipimo kinachoyatenganisha kinaweza pia kutumiwa katika kuhukumu kazi ngumu za fasihi ya Kiswahili.

Utangulizi

Memento ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Venice mnamo Septemba 2000. Mhusika mkuu, Leonard Shelby, aliyekuwa mchunguzi wa madai ya bima, aliumizwa kichwa usiku ambao mkewe alishambuliwa. Anayakumbuka maisha yake ya kabla ya usiku huo, lakini jambo jipya halikai akilini mwake zaidi ya dakika chache. Anamsaka muuaji kwa msaada wa picha za Polaroid, vikaratasi, na tatuu alizochorwa mwilini.

Filamu ina mikondo miwili. Maonyesho ya rangi yanarudi nyuma, kila moja likiishia pale lililotangulia kuonyeshwa lilipoanzia. Maonyesho ya nyeusi na nyeupe yanakwenda mbele kama kawaida. Mikondo hiyo inakutana mwishoni, pale picha ya Polaroid ya mtu aliyeuawa inapojitokeza taratibu na rangi kuingia katika onyesho lililoanza bila rangi.

Filamu hii iligharimu takribani dola milioni 9 na kupigwa kwa siku 25, sehemu kubwa ikiwa katika moteli, mkahawa, gari na jengo lililotelekezwa. The Matrix ya mwaka 1999, ambamo Carrie-Anne Moss na Joe Pantoliano waliigiza kabla ya kukutana tena humu, iligharimu takribani dola milioni 63. Wasambazaji wakubwa wa Marekani waliitazama Memento na kuikataa. Newmarket, kampuni iliyoifadhili, ikalazimika kuisambaza yenyewe, na Machi 2001 ikaanza katika kumbi 11 tu za nchi hiyo. Hatimaye ilikusanya takribani dola milioni 40 duniani na kuteuliwa kuwania tuzo mbili za Oscar, ya mswada asilia na ya uhariri. Kwa hiyo mgawanyiko wa maoni ulianza kabla hata mtazamaji wa kawaida hajanunua tiketi.

Lalamiko la kwanza: hila tupu

Wanaoipinga filamu hii husema kwamba kisa chake, kikipangwa upya tangu mwanzo hadi mwisho, ni chembamba: mtu aliyepotewa na kumbukumbu anadanganywa na watu wawili, kisha anaua. Jaribio hilo limewezekana, kwa sababu toleo maalumu la DVD lilificha ndani yake njia ya kuitazama filamu kwa mfuatano wa wakati. Aliyeitazama hivyo anaweza kuthibitisha kwamba kisa ni chembamba kweli. Suala ni iwapo ukweli huo unathibitisha hila.

Jibu limo katika maonyesho ya Natalie, mwanamke anayefanya kazi baa. Katika mfuatano wa filamu, mtazamaji humwona kwanza akiwa na uso uliojeruhiwa, akimwambia Leonard kwamba amepigwa na mtu aitwaye Dodd. Mtazamaji anamhurumia na kutaka Dodd aadhibiwe. Onyesho linalofuata, ambalo kiwakati linatangulia, linaonyesha ukweli: Natalie amekusanya kalamu zote nyumbani, amemtukana Leonard na mkewe hadi akapigwa naye, kisha amekwenda kukaa garini akisubiri Leonard asahau. Mkono uliompiga ni wa Leonard mwenyewe.

Onyesho hilo likitangulia, mtazamaji atajua hila ya Natalie mapema, na atamtazama Leonard kwa huruma ya mtu aliye salama juu ya ukingo. Likifuata, mtazamaji anakuwa ameshatoa hukumu, na ni hukumu ya uongo. Aliyoyapata Leonard yamempata naye, kwa sababu wote wawili walikuwa na ushahidi uleule. Mpangilio haukuongezwa juu ya kisa kama pambo. Umebadilisha nani anajua nini, na lini.

Dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio inasaidia kueleza kwa nini baadhi ya watazamaji hukasirika. Anayetazama filamu ya mauaji huja na swali moja: nani aliyeua? Memento inalijibu swali hilo katika onyesho la kwanza, ambamo Leonard anampiga risasi Teddy. Kinachobaki ni kwa nini. Aliyekuja kutafuta jina la muuaji huona amenyimwa haki yake, ilhali aliyekubali kubadilisha swali huendelea kulipwa. Hata hivyo, watengenezaji hawakumwacha mtazamaji gizani. Mhariri Dody Dorn anarudia sekunde chache mwishoni mwa kila onyesho la rangi, ili kiungo kitambulike. Filamu inayotaka tu kuwababaisha watu isingehangaika kuonyesha viungo vyake.

Lalamiko la pili: maradhi yasiyoaminika

Lalamiko la pili liliulizwa waziwazi na Roger Ebert, mhakiki wa Marekani aliyeipa filamu nyota tatu kati ya nne: Leonard anakumbukaje kwamba hawezi kukumbuka? Swali hili si dogo, kwa maana kisa chote kinaegemea maradhi hayo.

Tiba inatoa sehemu ya jibu. Henry Molaison, aliyejulikana kwa miaka mingi kama H.M., alipasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, na tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi matukio mapya kwa njia ya kawaida. Brenda Milner alionyesha kwamba hata hivyo mgonjwa huyo aliweza kujifunza kuchora huku akitazama mkono wake kiooni. Ustadi wake uliongezeka siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kuwahi kufanya zoezi hilo. Mazoea na matukio havihifadhiwi kwa njia moja. Leonard naye anadai kwamba anaishi kwa mazoea na ratiba.

Tatizo ni kwamba kujua una maradhi fulani ni zaidi ya mazoea ya mkono. Filamu yenyewe inaonekana kulijua pengo hilo. Leonard husimulia mara kwa mara habari za Sammy Jankis, mgonjwa aliyeshindwa kujifunza hata kwa mazoea, ambaye mkewe mwenye kisukari alimjaribu kwa kumwomba sindano za insulini mfululizo hadi akafa. Mwishoni Teddy anadai kwamba mwenye kisukari alikuwa mke wa Leonard, na kwamba kisa cha Sammy kimeshonwa ili kufunika hatia. Hivyo pengo la kitiba linakuwa dalili kwamba msimulizi haaminiki. Utetezi huo una nguvu, lakini unategemea neno la Teddy, ambaye naye ni mwongo. Hapa mtazamaji mwenye shaka anastahili kusikilizwa.

Lalamiko la tatu: marehemu asiye na sura

Lalamiko la tatu ndilo zito kuliko yote, ingawa husemwa kwa sauti ndogo. Mke wa Leonard huonekana kwa vipande tu: mkono, jicho, mzaha wa dakika moja. Wanaoitetea filamu husema kwamba kumbukumbu huchakaa hivyo. Lakini Leonard hakupoteza kumbukumbu za zamani. Hizo ndizo pekee alizo nazo, na zingeweza kuwa na utajiri ambao siku zake za sasa hazina. Kwa kuwa hazina utajiri huo, msiba unapungua uzito na kisasi kinageuka chemshabongo.

Pengo hili linaonekana wazi zaidi Memento ikilinganishwa na Ghajini, filamu ya A. R. Murugadoss iliyotoka kwa Kitamili mwaka 2005 na kwa Kihindi mwaka 2008. Humo zimo tatuu, picha, na kumbukumbu ya dakika 15, lakini mpangilio wa kinyumenyume umeachwa. Mapenzi yanasimuliwa kwa mbinu rejeshi ya kawaida kupitia shajara, na Kalpana, mpenzi wa shujaa, anapewa muda mrefu wa kucheka, kudanganya na kupendwa kabla ya kuuawa. Mtazamaji anamlilia. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako filamu za Kihindi zimekuwa na watazamaji kwa miongo mingi, usimulizi wa namna hiyo hauhitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, faida hiyo ina gharama yake: adui anajulikana, na shujaa hashukiwi kamwe. Ghajini ina marehemu na haina shaka. Memento ina shaka na haina marehemu.

Kipimo na matumizi yake

Mjadala huu haupo mbali na uhakiki wa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alipotoka kwenye uhalisia wa Rosa Mistika (1971) na kuandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), wasomaji waligawanyika vilevile. Wapo walioona upeo mpya, na wapo waliouliza kama ugumu huo ulikuwa wa lazima. Mara nyingi pande hizo mbili hujibizana kwa kusifu au kulaumu ugumu wenyewe. Memento inafundisha kuuliza swali jingine: mpangilio ukinyooshwa, ni maarifa gani yatakayohama kutoka kwa nani kwenda kwa nani? Yasipohama, ugumu ni pambo. Yakihama, mhakiki ana wajibu wa kuonyesha yalikohamia.

Swali hilo linawahusu pia watengenezaji wa filamu wa ukanda huu, ambao bajeti zao ni ndogo kuliko hata ile ya Nolan. Kupindua mfuatano hakuhitaji fedha, na kwa sababu hiyo kunavutia. Lakini Memento haikuokolewa na kupindua. Iliokolewa na ulinganifu kati ya maradhi ya mhusika na ujinga wa mtazamaji. Mahali ulinganifu huo ulipokosa nguvu, yaani kwa mke wa Leonard, werevu wa msuko haukuweza kuziba pengo.

Hitimisho

Watazamaji waliogawanyika kuhusu Memento hawakukosea kwa kugawanyika. Wanaoiita hila wanapuuza jinsi ilivyowashirikisha katika hukumu ya uongo. Wanaoisifu bila kusita hawaulizi kwa nini, baada ya kutazama mara mbili au tatu, wanaweza kueleza kila kiungo cha msuko lakini hawawezi kusema mwanamke yule alikuwa mtu wa namna gani.