Kalamu Inayofuta

Kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kazi za kutwa alipewa karatasi yake, na siku zilivyokwenda jina la karatasi likamganda mwenyewe. Karatasi ya ajira ina tabia hiyo ya kumganda mtu, ndiyo maana fundi wa mikataba mimi humsifu kwa anachofuta.

Mfano mzuri uko California. Marekani kila jimbo lina sheria zake za kazi juu ya zile za taifa zima, na mwajiri mwenye haraka hayaoni hayo. Amefungua ofisi San Francisco. Anachukua mkataba aliokuwa akiutumia Texas, anabadilisha majina na mshahara, basi. Ndani yake kimelala kifungu kinachomzuia mfanyakazi, akishaacha kazi, kujiunga na mshindani kwa mwaka mmoja au miwili. Texas kifungu hicho chaweza kusimama, kikiwekewa mipaka ya haki. California ni batili, wala si uamuzi wa juzi: msimamo huo umo katika sheria za jimbo tangu 1872.

Kama ni batili, kwa nini kisiachwe kijifie? Kwa sababu anayekisoma si hakimu. Mfanyakazi kaitwa kwenye kazi bora mtaa wa pili. Anautoa mkataba usiku, anasoma, anaogopa, anakataa. Kifungu mfu kinang'ata. Bunge la jimbo lililiona hilo, na tangu 1 Januari 2024 kukiweka tu katika mkataba, nje ya hali chache zilizoruhusiwa, ni kuvunja sheria.

Kuna mahali fundi hafuti, hupunguza, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Waajiri hupenda kuandika kwamba kila atakachobuni mfanyakazi ni mali ya kampuni. California yasema hapana: alichobuni kwa muda wake mwenyewe, bila vifaa wala siri za mwajiri, ni chake, ila kikihusiana na biashara ya mwajiri au kikitokana na kazi aliyomfanyia. Jaribu kuandika hayo kwa namna ambayo mhandisi na mwanasheria wataelewa kitu kimoja. Neno "kila" linaondoka, na pengo lake hula asubuhi nzima.

Mteja, lakini, huhesabu kurasa. Alileta kumi na mbili, anarudishiwa nane na ankara juu yake. Anazigeuzageuza, akitafuta alicholipia.