Wembe, Gundi na Kromosomu

Daftari la biolojia la mwanafunzi anayerudia masomo kwa kukata, kukunja na kubandika hutambulika hata likiwa limefungwa: limevimba katikati, na jalada lake halilali tena. Aliyefundwa vyema anaijua dawa. Kabla hajaandika hata tarehe, huchukua wembe na kuondoa jani moja katika kila majani manne, akiacha ukingo mwembamba kando ya mshono ili majani mengine yasichomoke. Pengo hilo litameza unene wa vipande vitakavyokuja. Ni jambo dogo, lakini kwangu ndilo linaloonyesha mara moja kama mwenye daftari ni fundi au anapoteza muda tu.

Wanafunzi wengi wa sekondari hurudia biolojia kwa kusoma tena walichonakili ubaoni. Jicho likipita juu ya sentensi liliyokwisha kuizoea, hujiona limeelewa, likasonga mbele. Mkasi haukubali hivyo. Ili utengeneze kifuniko cha karatasi cha kufunua, sharti uamue kwanza nini kikae juu na nini kifichwe chini, wapi kitu kimoja kinaishia na kingine kinaanzia, kipi kinatembea na kipi kimetulia. Ukiyaamua hayo umekwisha kufanya biolojia. Gundi inashikilia tu.

Utazame kwa karibu ukurasa wa mgawanyiko wa seli. Una maduara manne: profezi, metafezi, anafezi, telofezi. Ndani yake hakuna mistari ya kalamu, kumebandikwa nyuzi za kushonea. Mwanafunzi amejichagulia seli yenye kromosomu nne, mbili ndefu na mbili fupi. Nyekundu zimetoka kwa mama, za buluu kwa baba. Kila kromosomu ni nyuzi mbili zilizolazwa pamoja na kufungwa fundo katikati, maana kufikia hapo DNA imeshanakiliwa. Kwenye metafezi mafundo yote manne yamejipanga katikati ya seli, moja juu ya jingine. Mpaka hapo hata aliyekariri anaweza kufika.

Anafezi ndiyo inayowaumbua. Mafundo yanafunguliwa, na kila uzi unavutwa kuelekea ncha yake ya seli. Kwa kuwa unavutwa kwa pale palipokuwa na fundo, mikono yake miwili inaburuzwa nyuma, na uzi unajikunja kwa umbo la V, kona yake ikitangulia. Ukipita kati ya madawati utakuta wapo waliobandika V zao kinyume, mikono mbele, kona nyuma, kana kwamba kromosomu inajisukuma yenyewe. Jina la hatua wamelipatia na tahajia ni sahihi, ila hawajajua nani anavuta na anashika wapi. Katika mtihani wa kuchagua jibu kosa hilo lingejificha mpaka mwisho wa mwaka. Hapa linaonekana ukiwa hatua tatu kutoka kwenye dawati. Hesabu nayo inajileta yenyewe: kwa muda mfupi seli ina nyuzi nane, kisha nne kila upande.

Meiosi inafuata kwenye ukurasa wa pili, kwa nyuzi zilezile, ila sasa nyekundu ndefu inalala ubavuni mwa buluu ndefu, na kabla hazijaachana mkasi unakata ncha ya hii na ncha ya ile, zikabadilishana. Mwanafunzi akishaunga uzi wa rangi mbili kwa vidole vyake, hatauliza tena kwa nini ndugu wa tumbo moja hawafanani. Kwa binadamu kromosomu 46 zinakuwa 23, lakini hakuna mwenye subira ya kufunga mafundo 46, wala hakuna haja.

Vifaa vyenyewe ni vya bei ya chini: manila, maboksi matupu, uzi, gundi ya unga wa ngano iliyopikwa kwa maji kidogo. Utaalamu uko katika kuvitumia. Kalamu iliyokwisha wino haitupwi; huburuzwa kando ya rula kwenye manila ili iache mfereji, na mkunjo ukifuata mfereji huo haupindi wala hauchaniki. Gundi hupakwa ukanda mmoja wa pembeni. Ikienezwa kote, karatasi hulowa na kujikunyata, na maandishi ya ukurasa wa nyuma huvuja wino. Na kama ilivyo kwa fundi cherehani, kilichokatwa hakirudi, basi penseli hutangulia wembe.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya dirisha. Kwenye kipande cha manila hukatwa dirisha dogo lenye upana wa herufi tatu tu, na pembeni mipasuko miwili ya kupitishia utepe wa karatasi. Juu ya utepe zimeandikwa herufi za RNA, na mwanafunzi anauvuta polepole, tatu baada ya tatu, akiandika chini jina la asidi amino inayotajwa na kila utatu. Mwalimu mzuri hawapi herufi za ovyoovyo. Anawapa mwanzo halisi wa mnyororo wa beta wa hemoglobini ya binadamu: AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG. Asidi amino ya kwanza huondolewa baadaye, kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye GUG, na ya sita ni GAG, asidi ya glutamiki. Hapo juu ya herufi A kuna kifuniko kidogo kuliko ukucha, kimeandikwa U. Kishushe: GAG inakuwa GUG, na asidi ya glutamiki inaondoka, inakuja valini. Herufi moja tu imebadilika. Hemoglobini hiyo ikikosa oksijeni hugandana katika nyuzi ndefu, na seli nyekundu ya damu hujipinda kama mundu.

Kwetu Afrika Mashariki utepe huo si mfano wa kitabuni. Darasani hakukosi mwenye ndugu au jirani anayeugua selimundu, na ushahidi kwamba mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria ulichapishwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Nakala mbili zinaleta ugonjwa. Ukurasa unaofuata huwa na mabawa manne ya kufunua, kwa wazazi wawili waliobeba nakala mojamoja: robo ya uwezekano mtoto augue, nusu abebe tu, robo asiwe nayo kabisa, na hesabu hiyo inaanza upya kwa kila mimba. Maneno haya ya mwisho huandikwa kwa wino mwekundu, na ni sawa, maana ndipo wengi wanapopotoka.

Utepe haujaisha kazi. Ukate, ongeza herufi moja, uvute tena: kila utatu unaofuata umeharibika. Ongeza ya pili, bado vurugu. Ongeza ya tatu, na baada ya vurugu fupi usomaji unarudi kwenye njia yake. Hivyo ndivyo Francis Crick, Sydney Brenner na wenzao walivyofikiri mwaka 1961 walipoonyesha, kwa kutumia virusi vya bakteria, kwamba lugha ya jeni inasomwa kwa utatu. Mwanafunzi mwenye gundi ya ngano vidoleni anaipitia hoja ileile.

Nawasikia wanaosema mambo haya ni ya chekechea. Mwaka 1948 Linus Pauling, akiwa kitandani Oxford kwa mafua, alichora mnyororo wa protini kwenye karatasi, akaukunja penye viungo vyake mpaka ukajizungusha kuwa hesi. Mwanzoni mwa mwaka 1953 huko Cambridge, James Watson alichoka kusubiri vibati kutoka karakana, akakata maumbo ya besi za DNA kwa kadibodi na kuyasogezasogeza juu ya meza. Ndipo alipoona kwamba adenini na thimini zikiungana hupata umbo sawa na guanini na saitosini.

Hata hivyo si kila mada inastahili mkasi. Kipindi ni cha dakika 40 na darasa lina watoto wengi kuliko viti, na uainishaji wa viumbe unakaa vizuri tu kwenye jedwali la mistari minne. Nimeona pia kurasa zenye maua, vimetameta na herufi za kivuli ambazo ukizifunua chini hukuti kitu. Mkunjo unafaa pale ambapo jambo lenyewe linajificha, linafunguka au linasogea. Moyo, kwa mfano, unafaa sana: milango miwili ya karatasi, vyumba vinne ndani, na ukuta wa ventrikali ya kushoto ukibandikwa manila mbili kwa sababu ndio unaosukuma damu mwili mzima. Anayeshangaa kwa nini upande wa kulia wa moyo umechorwa kushoto huambiwa ageuze daftari, alishike mbele ya kifua chake, mchoro ukitazama nje. Kulia kunarudi kulia.

Nefroni ya figo bado inawashinda wanafunzi. Figo huchuja karibu lita 180 kwa siku na kutoa mkojo wa lita moja au mbili, kwa hiyo ukurasa wake ungepaswa kuonyesha hasa kile kinachorudi kwenye damu. Vifuniko vinaonyesha vizuri kinachotoka, ila kurudi hakuonekani. Wapo wanaojaribu uzi unaoingia na kutoka kwenye matundu pande zote mbili za jani, mwekundu kwa damu na wa manjano kwa mkojo. Wazo ni zuri, lakini uzi ukivutwa mara kadhaa karatasi inachanika penye kona ya kitanzi, na manila ikitumika daftari halifungi. Pengine ukurasa huo utengenezwe kwa boksi, ukae nje ya daftari, kwenye bahasha iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma.