Kitabu Kisichoulizwa

Kwa mpango wa Dewey, fasihi yote ya Kiswahili inakaa chini ya namba moja: 896.392. Tunaiandika kwenye kibandiko kidogo mgongoni mwa kitabu, nayo haibagui. Riwaya ya mapenzi iliyosomwa hadi kurasa zikalegea inasimama bega kwa bega na Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ambayo karatasi yake ya tarehe kwetu ilikaa miaka na mihuri miwili tu. Namba inajua lugha. Haijui ni kipi kati ya hivyo kitamkosesha mtu usingizi, wala ni mtu gani. Hiyo ni kazi ya mkutubi, na mimi sijaona kazi tamu kuliko hiyo.

Nilifundishwa na mama aliyekaa kaunta kabla yangu. Chuoni nilijifunza kupanga kadi. Yeye alinifunza kutazama mikono. "Mtazame anavyokirudisha, mwanangu," alikuwa akisema. Anayekisukuma mezani akageuka, mwache aende zake. Anayekirudisha huku kidole bado kimo kati ya kurasa, huyo zungumza naye. Na usimuulize anapenda nini, maana atakutajia alichokwisha kukisoma. Muulize alikifunga wapi akabaki anatazama dari.

Kijana akiniambia Kiswahili hakina hadithi za anga, namfuatia Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa ndani ya chombo angani, naye anajifunza kukiongoza hukohuko juu, hadi anatua katika nchi ambayo jina lake ndilo jina la kitabu. Maana ya jina hilo siisemi. Namwachia alitamke mwenyewe, polepole, mpaka alisikie. Akirudi anacheka, namwonyesha Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ya dakika kama ishirini hivi: dunia imekauka, na hata jasho la mwili linakingwa ili liwe maji ya kunywa. Kwa mtu aliyeamka alfajiri kupanga ndoo bombani, filamu hiyo haihitaji utangulizi.

Filamu tunaonyesha Jumamosi, katika chumba cha kusomea. Siku moja niliweka Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973. Mory ana pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe lenye pembe kwenye usukani. Yeye na Anta wanaitamani Paris kwa kila hali. Dereva mmoja wa bodaboda, aliyekuwa anamsubiri abiria nje, aliziona zile pembe kupitia mlangoni. Akaingia, akasimama ukutani na kofia yake mkononi. Wahusika wanasema Kiwolofu na Kifaransa, basi nikawa natafsiri kwa sauti ya chini, kama watafsiri wetu wa vibanda vya video, ila bila mbwembwe zao. Ilipokwisha aliniomba nirudishe pale meli inapong'oa nanga. Tukarudisha mara mbili. Kumbe ana kaka mzamiaji, aliyeondoka bandarini miaka mingi iliyopita. Abiria alikuwa ameshapanda pikipiki nyingine.

Lakini kitabu ninachokilinda kuliko vyote ni kile chembamba cha mihuri miwili. Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ndiye aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ambayo yeyote anaweza kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka 19 baadaye akatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile, akauacha kando ule usimulizi ulionyooka. Ni safari ndani ya kimya na ndoto, na msomaji hapewi ramani. Kumpa mtu Nagona bila kumwandaa ni kumtosa kina kirefu.

Binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, alirudisha Rosa Mistika na kidole ndani. Alisema: kama baba alikosea kumfungia Rosa, na dunia ikakosea kumfungulia, basi mtu aishije? Nilikwenda rafuni bila kumjibu. Nilipomkabidhi Nagona nilimwambia neno moja tu: usiitafute hadithi, isikilize sauti.

Alikirudisha baada ya siku nne. Hakukimaliza. Nilihuzunika, nikajiona nimeharakisha. Mama yule angesubiri, angempitisha kwingine kwanza. Sikusema kitu, nikagonga mhuri.

Miezi saba baadaye alikuja amevaa sare nyeupe, ametoka zamu ya usiku wodini, macho mekundu. Jina la kitabu lilikuwa limemtoka. "Kile chembamba," alisema. "Kile cha kimya. Sasa nadhani naweza kukisoma."

Nilikwenda rafuni kwenye 896.392. Pengo. Mtu alikuwa amekiazima juzi, na si mimi niliyempa. Nikaliandika jina la binti kwenye orodha ya wanaokisubiri, orodha ya kwanza ambayo kitabu kile kimewahi kuwa nayo.