Vioo Viwili vya Gisozi

Mtu akisimama Kagarama, wilayani Kicukiro, ana barabara mbili za kumpeleka kwenye kumbukumbu za mwaka 1994. Ya kusini inakwenda Nyamata, katika Bugesera, kwenye kanisa la parokia lililoacha kuwa mahali pa ibada. Ya kaskazini inaingia mjini na kupanda hadi Gisozi, kwenye Kituo cha Kumbukumbu kilichofunguliwa Aprili 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Tumezipita zote mbili pamoja na wanafunzi wetu, na uhakiki huu umetokana na mabishano yaliyozuka ndani ya basi.

Gisozi kuna madirisha mawili ya vioo vya rangi, kazi ya msanii Ardyn Halter. Baba yake, Roman Halter, alinusurika mauaji ya Wayahudi barani Ulaya, naye pia alikuwa fundi wa vioo vya namna hii. Basi anayetuchorea msiba wa Rwanda amelelewa katika nyumba iliyoujua msiba kama huo. Hilo halitoshi kuifanya kazi kuwa nzuri, lakini linaeleza kwa nini haina ile haraka ya mgeni anayetaka kulia kwa niaba ya wenyeji.

Tuanze na fani. Picha ya ukutani huangaziwa. Dirisha la rangi lenyewe hupitisha mwanga, na pasipo jua halina la kusema. Rangi imo ndani ya kioo, hutokana na madini yaliyoyeyushwa pamoja nacho, kama vile kobalti kwa buluu. Vipande hushikanishwa, kwa desturi, na vitambaa vyembamba vya risasi. Hapo mwalimu wa Kiswahili lazima asite kidogo. Lugha yetu inaita kwa jina moja madini yanayoshika kioo na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Kule Nyamata bati la paa lina matundu ya risasi na ya vipande vya guruneti, na tulipoingia adhuhuri mwanga ulikuwa ukipenya humo na kuanguka juu ya nguo za marehemu zilizowekwa kwenye mabenchi. Rwanda iko karibu sana na ikweta. Saa sita jua liko utosini na madirisha ya ukutani hupoa, paa ndilo linalopokea. Hatujui kama yupo msanii awezaye kushindana na paa lile, na tunadhani Halter alifanya vyema kutojaribu.

Alichofanya ni kulichukua umbo la sanaa ya kanisani na kuliweka mahali pasipo kanisa. Wapo wenzetu waliosema hiyo ni kasoro, kwamba umbo hilo linaleta harufu ya ubani mahali pasipostahili. Sisi tunaona kinyume chake. Mwezi Machi 1992 Watutsi wa Bugesera waliposhambuliwa, waliokimbilia kanisa la Nyamata walisalimika. Mwaka 1994 walikimbilia palepale, na palepale wakauawa. Baada ya hayo, dirisha la kanisa haliwezi tena kudai kuwa ni la amani kwa sababu tu liko kanisani. Likiwekwa nje ya kanisa, linalazimika kujitetea lenyewe.

Madirisha hayo yana majina, na hapa ndipo basi zima lilipopata joto. Maelezo ya maonyesho yaliandikwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kwa hiyo tuliwapa wanafunzi zoezi la kuyatafsiri majina yale. (Neno dirisha halikuwasumbua, Kinyarwanda nacho husema idirishya.) Dirisha la kwanza linahusu safari ya kwenda chini hadi kwenye mauaji ya kimbari. Wengi waliandika "Kuporomoka". Ni neno zito, lina kishindo, na kila anayeishi kwenye vilima hivi amewahi kuona udongo ukiporomoka baada ya mvua. Lakini udongo hauna nia. Mwanafunzi mmoja aliandika "Kuteremka", nasi tukampa alama zote. Anayeteremka hutumia miguu yake mwenyewe, hatua baada ya hatua, na angeweza kusimama. Vitambulisho vyenye kabila vya miaka ya 1930, mauaji ya 1959, ya 1963, redio ya RTLM mwaka 1993: hivyo vyote ni vidato, na kila kidato kina mtu aliyekikanyaga. Kitenzi kimoja kikikosewa, wahusika wote wanageuka kuwa mvua.

Dirisha la pili ndilo linalotusumbua. Jina lake linazungumzia njia iendayo mbele, na tafsiri ya haraka ni "Njia ya Mbele". Msomaji wa pwani akilisikia jina hilo hatua chache kutoka makaburini atakumbuka mara moja "mbele ya haki", yaani kule waliko waliofariki. "Kusonga Mbele" nalo linanuka mkutano wa hadhara. Mmoja alipendekeza "Kupanda", ili liwe jozi ya "Kuteremka", akaongeza kwa furaha kwamba kupanda ni pia kutia mbegu ardhini. Ni werevu, tunakiri. Hata hivyo jozi hiyo inaonyesha udhaifu ambao tunauona katika maudhui ya kazi yenyewe: madirisha mawili yanayotazamwa pamoja yanamwambia mtazamaji kwamba kilichoteremka kitapanda kwa kipimo kilekile. Mama aliyebaki peke yake hapandi ngazi ileile aliyoteremkia jirani yake. Kioo cha kwanza kinaeleza jambo lililotokea, cha pili kinaeleza jambo linalotakiwa, na mwanga unaovipitia vyote viwili ni mmoja. Tungependa dirisha la pili lisingekuwa na uhakika kiasi hicho.

Kwenye daftari la zoezi tumeandika "Kuteremka" kwa wino. Mstari wa pili bado uko wazi. Mwenye jina alilete ofisini, pamoja na sentensi mbili za kulitetea.