Sifa ya Fuksia

Vitabu vya bustani vya Uingereza huisifu Fuchsia magellanica, mmea uliotoka kusini mwa Chile na Argentina, kuwa ni stahimilivu. Sifa hiyo naiona nusu ya kweli. Magharibi mwa Ayalandi, ambako bahari hupunguza makali ya baridi, ua hili limegeuka ua wa kuzungushia mashamba, refu kupita mtu. Upeleke mmea huohuo bara, penye baridi kali: matawi yote hufa hadi ardhini, na baada ya baridi huanza upya kutoka mizizini. Hata hapo haufanyi kazi peke yake. Mtunzaji huuzamisha udongoni sentimita 5 hivi zaidi ya ulivyokuwa chunguni, hufunika shina kwa majani makavu, na haondoi vijiti vikavu mpaka baridi ipite. Maelekezo hayo yamo katika vitabu hivyohivyo, ila neno “stahimilivu” ndilo linalobaki kichwani. Sisi walimu tunaijua hukumu ya namna hii. Ripoti ya mwanachuo husema “mvumilivu” au “dhaifu”, isiseme alikaa wapi, wala nani alimfunika.